Kisa cha namba 94: rauta niliyobakiza kidogo tu niiponde bure

Uchambuzi wa rauta hii ulikuwa umeshaisha. Nilishaiandika, nimeiponda vizuri kabisa, alama nne kwa kumi, na kichwa cha habari chenye dharau ndani yake ambacho nilikipenda kweli, imebaki kubonyeza tu itoke. Sikubonyeza kwa sababu ya picha moja niliyoipiga bila hata kuiwazia, na ndo maana leo naandika kisa chote kuanzia mwanzo, pamoja na pale nilipochemsha, maana nilichemsha sehemu mbili na ya pili inaniuma zaidi.

Mambo yalianza kwa shemeji, mume wa dada yangu mkubwa. Kanipigia simu jioni: "Shemeji, hebu njoo na vidude vyako vya kupimia, nahisi nimepigwa." Alikuwa kanunua rauta mpya wiki mbili nyuma, ya Wi-Fi 6 (kizazi cha sita cha waifai), boksi limeandikwa AX3000 kwa maandishi makubwa kuliko jina la kampuni yenyewe. Kifurushi chao ni cha faiba, megabiti 300 kwa sekunde kushusha na 50 kupandisha. Sasa kila akipima kwa simu anapata 93, 94, 94. Rauta ya zamani ilikuwa inampa 40 hivi kwa hiyo siku mbili za kwanza alifurahi, furaha ikaja kuisha pale alipokaa akawaza kwamba analipia 300, boksi linasema 3000, na yeye anapata 94.

Hiyo 3000 tuimalize haraka maana watu wengi inawachanganya. Ni 574 za masafa ya gigahezi 2.4 ukijumlisha na 2402 za masafa ya gigahezi 5, unapata 2976, wakaona wakaze mpaka 3000. Simu yako haiwezi kutumia yote mawili kwa mpigo kama hivyo, na hizo 2402 zenyewe zinataka chaneli pana ya megahezi 160 ambayo vifaa vingi vya nyumbani havina. Simu ya kawaida yenye antena mbili kwenye chaneli ya megahezi 80 inaunganika kwa 1201, na hapo ni spidi ya kiungo tu, yaani makubaliano kati ya simu na rauta, data yenyewe inayopita ni pungufu ya hapo kwa kiasi kikubwa. Ila hata ukikata nusu, 600 ni mara mbili ya kifurushi cha shemeji. Kwa hiyo 94 haina utetezi, na shemeji alikuwa na haki ya kulalamika.

Nikaenda Jumamosi na laptopu, kebo yangu moja ninayoiamini, na simu mbili. Nilipoingia dada alikuwa sebuleni, akanisikiliza mimi na mumewe tunavyopeana manamba, kisha akasema, "Mi hizo namba zenu sizijui, mi nataka usiku nikiwa naongea na watu wa kazini nisikatike, basi." Anafanya kazi na watu walio mbali, vikao vyao vya vidio ni usiku, na kila siku ikifika saa tatu na kitu picha inaganda, sauti inakuwa kama mtu anaongea ndani ya pipa. Nikamjibu kwa ule uhakika wa mtu mwenye laptopu mkononi: "Usijali dada, ngoja tumalize spidi kwanza, hayo mengine yatajinyoosha yenyewe." Kumbuka hilo jibu langu, tutalirudia.

Kipimo cha kwanza, simu sebuleni, mita mbili kutoka kwenye rauta, hakuna ukuta. 94. Nikaangalia kwenye setingi za waifai za simu, spidi ya kiungo 1201. Kwa hiyo hewani hakuna shida, simu na rauta wanasikilizana vizuri sana. Nikapima mara tano, 94, 94, 93, 94, 94.

Kipimo cha pili, nikaenda kwenye kile kiboksi cheupe cha faiba kilichopo ukutani karibu na mlango. Nikachomoa kebo inayoenda kwenye rauta, nikachomeka kebo yangu moja kwa moja mpaka kwenye laptopu. 291 kushusha, 48 kupandisha. Safi. Kampuni ya intaneti wametoka kwenye kesi, wanaleta walichoahidi mpaka ukutani. Shemeji alikuwa kashawapigia mara mbili na mara zote walimwambia upande wao uko sawa, yeye akaona wanamzungusha, kumbe walikuwa wanasema ukweli.

Kipimo cha tatu, nikarudisha kebo yao kama ilivyokuwa, nikachomeka laptopu kwenye rauta kwa kebo yangu ileile. 94.

Hapo nikafunga jalada. Mpaka ukutani zinafika 291, zikipita kwenye rauta zinabaki 94, sasa utamlaumu nani zaidi ya rauta? Nikamwambia shemeji hii kitu ni mbovu au imeandikwa uongo, irudishe kama bado inarudishika, nikaenda nyumbani kuandika. Nikaandika kwa hasira kidogo, si unajua unapoandika kwa niaba ya ndugu yako aliyepoteza hela.

Usiku nikiwa natafuta picha za kuweka nikaikuta ile ya mgongo wa rauta, niliipiga tu ili ionekane ina milango mingapi. Kwenye picha kuna taa mbili zinawaka, moja ya mlango ambao laptopu yangu ilikuwa imechomekwa, ya kijani, nyingine ya mlango unaoingiza intaneti, hiyo ilikuwa ya rangi ya chungwa. Mwanzoni sikuona kitu. Nikairudia. Kwa nini taa mbili za rauta moja ziwe na rangi tofauti? Nikafungua kijitabu chao, kimeandikwa kwa herufi ndogo ukurasa wa nyuma: kijani ni 1000, chungwa ni 100 au 10.

Ndo nikaanza kuzitazama zile namba upya. 94, 94, 93, 94, 94. Waifai haitulii hivyo jamani. Waifai ukipima mara tano unapata 310, 270, 345, mtu akipita katikati inashuka, ukigeuza simu inapanda. Namba inayokaa palepale kama imepigwa misumari maana yake kuna dari, na dari haliko hewani, liko kwenye waya. Na 94 siyo dari la kubahatisha pia. Mtandao wa waya wa megabiti 100 kila pakiti moja (kifurushi kidogo cha data) iliyojaa inakula baiti 1538 kwenye waya ukihesabu maelezo ya anwani yanayotangulia data na kile kijinafasi cha kupumua kati ya pakiti na pakiti, na ndani yake data yako halisi ni baiti 1448 hivi. Gawanya, ni asilimia 94.1. Mlango wa 100 ukijazwa mpaka mwisho unatoa 94. Mlango wa 1000 ukijazwa unatoa 941. Yaani ile namba ilikuwa inajitaja jina tangu siku ya kwanza shemeji aliponipigia simu, na mimi ambaye hii ndo kazi yangu nikawa naisoma kama "ndogo" tu.

Kesho yake asubuhi nikarudi, shemeji akashangaa, "Vipi tena, umesahau chaja?" Nikamwambia naomba nione ile kebo.

Kebo yenyewe ilikuwa ya kijivu, ndefu kama mita nne, imetoka kwenye kiboksi cha mlangoni, imepita chini kando ya ukuta mpaka nyuma ya tivii. Nikachomoa kichwa chake nikakiinua kuelekea dirishani. Vile vichwa ni vya plastiki angavu, ukikiangalia kwenye mwanga unaona waya zimepangwa ndani kama vidole, zinatakiwa nane. Hapa zilikuwa nne. Ya kwanza nyeupe yenye mstari wa chungwa, ya pili chungwa, ya tatu nyeupe yenye mstari wa kijani, kisha nafasi mbili tupu, kisha ya sita kijani, kisha tupu, tupu. Bluu mbili hazipo, kahawia mbili hazipo. Hazijakatika, hazijawahi kuwepo. Nikampa shemeji akazihesabu kwa kucha, moja, mbili, tatu, nne, akazihesabu tena.

Megabiti 100 zinatumia jozi mbili tu za waya, zile za nafasi 1, 2, 3 na 6. Megabiti 1000 zinataka jozi zote nne. Ukichomeka kebo ya jozi mbili kati ya vifaa viwili vya 1000, vyenyewe vinaanza kwa kukubaliana 1000, vinajaribu, vinashindwa, kisha vingi vya siku hizi vinashuka kimyakimya mpaka 100 na maisha yanaendelea. Kimyakimya ndo tatizo. Ingegoma kabisa shemeji angeijua kebo siku ileile ya kwanza.

Alikuwa kainunua miaka ya nyuma wakati ana rauta ya zamani, na ile rauta ya zamani milango yake yenyewe ilikuwa inaishia 100, kwa hiyo waya nne zilimtosha kabisa, hakuna aliyedhulumiwa. Rauta mpya ilipokuja akachomoa ya zamani akachomeka mpya palepale kwenye kebo ileile, kitu ambacho hata mimi ningefanya. Na unajua nini, ndani ya boksi jipya kulikuwa na kebo ya waya nane, iko kwenye mfuko wake wa nailoni haijafunguliwa. Ni ya mita moja. Kutoka mlangoni haifiki hata kwenye kona ya meza.

Nikaweka kebo yangu. Taa ikapepesa, ikazima, ikarudi kijani. Simu sebuleni: 288, 291, 279, 290. Ona zinavyocheza sasa.

Hapa nieleze kosa langu la kwanza vizuri, maana kwenye kupima vifaa vya nyumbani hili linaua wengi. Kwenye kipimo cha pili nilichomoa kebo yao na rauta yao kwa pamoja, nikaweka kebo yangu na laptopu yangu. Nimebadilisha vitu viwili kwa mpigo mmoja, spidi ikapanda, nikampa lawama kimoja kati ya vile viwili, na sikuwa na sababu yoyote ya kumchagua zaidi ya kwamba rauta ndo niliyokwenda kuikagua. Ningetakiwa nikae nyuma ya tivii, nichomoe kichwa cha kebo yao kutoka kwenye rauta, nichomeke hichohicho kwenye laptopu. Ingetoka 94 na kesi ingeisha dakika ileile.

Sasa na rauta yenyewe haina kosa? Ina kosa, na hili sitalifuta. Inaendeshwa kwa apu, lazima ufungue akaunti kwanza ndo ikuruhusu uguse chochote (kwa nini nikupe barua pepe yangu ili nibadilishe nywila ya waifai ya nyumbani kwangu, hilo sijawahi kulielewa), na ukishaingia ukurasa wa kwanza kuna duara kubwa la kijani limeandikwa mtandao wako uko vizuri, alama 100 kwa 100. Siku ile kuna kebo ya waya nne, duara lilikuwa 100. Chini yake kuna kitufe cha kuboresha mtandao, shemeji alikuwa anakibonyeza kila siku, kinazunguka nusu dakika, kinaleta alama ya tiki na kidude cha karatasi za rangi zinarushwa kama harusini. Rauta inajua kabisa kwamba mlango wake umeshuka, taa inasema, na ukiingia kwa kivinjari cha kompyuta, setingi za juu, kisha mfumo, kisha hali ya milango, imeandikwa pale: 100. Wameificha kwenye ukurasa wa nne, ukurasa wa kwanza wameweka karatasi za rangi. Mstari mmoja tu kwenye apu, "kebo yako inapunguza spidi, ibadilishe", ungemwokolea shemeji wiki mbili na mimi aibu.

Basi, Jumapili jioni wote tumefurahi, shemeji kampigia mpaka rafiki yake kumwambia habari za waya nane. Nikiwa njiani kurudi nikawa naandika uchambuzi upya kichwani, alama nane na nusu.

Jumatatu usiku saa tatu na nusu dada akanitumia ujumbe. "Namba zenu zimepanda hongereni. Mimi bado nakatika."

Nikasema hapana, haiwezekani, ni upande wa wale anaoongea nao. Nikamwomba apime spidi muda uleule akiwa anakatika, akapima, akatuma picha: kushusha 274. Sasa mtu mwenye 274 anakatikaje, kikao cha vidio kizuri kabisa hakili hata megabiti 5. Nusura nimwandikie kwamba tatizo ni laptopu yake ya kazi. Kidole kilikuwa hapo. Ila nilikuwa nimetoka kuumbuka na kebo siku moja tu iliyopita kwa hiyo nikaogopa kuhukumu tena kwa namba moja, nikaomba nije kesho usiku.

Jumanne saa mbili na nusu nikakaa sebuleni na laptopu, nimeacha pingi inatembea. Pingi ni kile kipimo cha muda, unatuma kijipakiti kidogo nje kinaenda na kurudi, unahesabu milisekunde. 14, 13, 15, 14. Maji ya mtungini. Saa tatu kasoro mpwa wangu karudi kutoka mazoezini, "Shikamoo mjomba," akapita chumbani kwake. Dakika mbili hivi baadaye namba zikaanza kupanda mbele ya macho yangu: 38, 120, 290, 410, 560, 610. Na zikabaki huko. Nikapima spidi, kushusha 270 na kitu, bado nzuri. Upande wa kupandisha, uliotakiwa kuwa 48, ukasema 6.

Nikafungua orodha ya vifaa kwenye rauta. Simu ya mpwa, inapandisha megabiti 44.

Nikamwita. Kaja na wasiwasi, "Mjomba, na mimi nimefanya nini?" Hajafanya kitu masikini. Anarekodi vidio za mazoezi yao kila siku, ndefu, ubora wa juu kabisa, na simu yake imewekwa ipeleke bakapu, yaani nakala za akiba, mtandaoni ikiwa kwenye waifai na kwenye chaja. Akirudi kitu cha kwanza anachomeka chaja. Simu inaamka, inaanza kumwaga. Piga hesabu: gigabaiti 1 ni megabiti 8000, kwa 48 kwa sekunde ni kama dakika tatu kasoro. Siku hiyo alikuwa na gigabaiti 20 na ushee, hiyo ni dakika 55 za kupandisha mfululizo, kuanzia saa tatu kasoro mpaka karibu saa nne. Kikao cha dada kinaanza saa tatu.

Sasa kwa nini bakapu imkate mtu kwenye kikao wakati kikao kinahitaji nafasi ndogo tu? Kwa sababu ya foleni. Upande wa kupandisha ni mwembamba, simu inasukuma data nyingi kuliko inavyopita, zinazozidi zinapangwa kwenye kumbukumbu ya kifaa zikisubiri zamu. Watengenezaji wakaweka kumbukumbu kubwa wakidhani wanasaidia, pakiti zisipotee. Matokeo yake sauti ya dada, kijipakiti kidogo kabisa, kinafika kinakuta mbele yake kuna mlolongo wa vidio za mpira, kinasimama nyuma. Ni kama umeenda dukani kununua kiberiti kimoja, mbele yako kuna mtu ana matoroli kumi. Hajakukataza kununua, ila kiberiti utakipata kesho. Nusu sekunde kwenda kwa sauti ya maongezi ni msiba, mnaanza kuongea kwa pamoja, mnanyamaza kwa pamoja, programu inakata picha ili ijiokoe.

Na hili siyo jambo jipya. Wataalamu wa mitandao wanaliita bufferbloat, na mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa njia ya kulitibu inaitwa CoDel, ambayo inaangalia pakiti imekaa foleni muda gani badala ya foleni ina urefu gani, kisha ikaboreshwa ikawa fq_codel ambayo inampa kila mwenye shughuli foleni yake, mwenye kiberiti anapita pembeni. Hiyo fq_codel iliandikwa rasmi kama RFC 8290, moja ya nyaraka za wataalamu wa intaneti, mwaka 2018. Lakini nenda kasome maboksi ya rauta, utaona 3000, 5400, antena sita, utafute neno moja kuhusu foleni, hulioni.

Ya shemeji ndani ya apu ina kitufe cha "kipaumbele" ambacho unachagua mikutano, au gemu, au filamu. Nikachagua mikutano. Pingi 580. Nikazima nikawasha. 600. Ni pambo. Ila kule kwenye kivinjari, setingi za juu, kuna sehemu ya kuiambia rauta upana halisi wa intaneti yako na ikagawa yenyewe. Nikaandika kupandisha 45, chini kidogo ya ile 48 inayopatikana kweli. Ujanja uko hapo, ukiandika 50 ya kwenye mkataba foleni inaenda kujaa kwenye kiboksi cha faiba ambako rauta haina mamlaka, ukiandika chini kidogo foleni inabaki ndani ya rauta na rauta inaweza kuipanga. Bakapu bado inatembea, mpwa hajagusa kitu, pingi ikashuka: 220, 71, 34, 29, 33.

Dada alikuwa chumbani kwenye kikao, hajui hata kama nimegusa kitu. Baada ya robo saa katoka kuchukua maji, kanikuta, kasema, "Leo wamenisikia vizuri, naona laini zao zimetengemaa." Sikumsahihisha.

Ila nikakumbuka lile jibu langu la Jumamosi, hayo mengine yatajinyoosha yenyewe. Hili tatizo lilikuwepo tangu rauta ya zamani, kabla ya kebo, kabla ya mimi. Shemeji aliponunua rauta mpya alinunua kwa sababu dada anakatika, hiyo ndo ilikuwa sababu ya kwanza kabisa, nilimuuliza akakubali. Katikati ya safari mimi na yeye tukaipenda ile 300 tukasahau tulichotumwa. Ningeanza na swali la "unakatika saa ngapi" ningefika chumbani kwa mpwa siku ya kwanza, na kebo ningeikuta njiani au nisingeikuta, dada asingejali.

Vilivyobaki nivitaje haraka. Chumba cha mwisho kilikuwa kinapata 28, pale simu inaangukia masafa ya 2.4. Nyuma ya rauta kulikuwa kumechomekwa hadi diski ya nje ya USB 3.0, na hizo zinatoa kelele kwenye masafa hayohayo ya 2.4, Intel walishaliandikia hilo waraka mwaka 2012. Nikaihamishia nyuma ya kompyuta, rauta nikaitoa nyuma ya tivii nikaiweka juu ya kabati, chaneli nikaifunga kwenye 11 maana 1 na 6 zimejaa. Sasa ni 60 mpaka 75. Vitatu hivyo nimevifanya kwa pamoja kwa hiyo usiniulize kipi kimesaidia zaidi, nimeshakiri kosa hili mara moja kwenye kisa hiki, la pili nimelifanya kwa makusudi kwa sababu ilikuwa saa tano usiku.

Kuhusu alama, nimeipa saba. Redio zake nzuri, haikujizima hata mara moja kwa wiki nzima niliyoifuatilia, kugawa intaneti kunafanya kazi kweli ukijua pa kukupata, na hiyo "ukijua pa kukupata" ndo imekula alama tatu. Mtu wa kawaida ataishia kwenye apu, na apu ile ina kitufe kimoja cha uongo, duara moja la uongo, na ukweli wote umewekwa mahali ambapo mwenye nyumba hafiki. Kama nyumba yako ina watu wawili na hakuna anayepandisha mavidio, rauta yoyote ya Wi-Fi 6 ya daraja hili itakutosha, ya bei ndogo kuliko hii pia, cheki tu kebo yako ina waya nane. Kama nyumba ina mtu wa vikao na mtu wa bakapu, kabla ya kununua chochote acha pingi itembee jioni moja uone.

Kebo mpya ya mita tano shemeji keshaivuta, yangu kanirudishia. Printa yao imegoma kuingia kwenye mtandao kwa sababu haijui WPA3, ile kinga mpya ya waifai iliyofuata WPA2, nimeirudisha rauta kwenye hali ya mchanganyiko wa WPA2 na WPA3 ikaingia, jana imetoka tena, Jumamosi narudi.